Mwenye Mali Si Mfalme

Liko neno moja ambalo husikika sokoni, barazani na hata uani mwa misikiti, nalo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi kabla haijasikilizwa: "Mali ni yangu, nitaifanya nitakavyo." Mwenye shamba lililoota magugu miaka ishirini hulisema akiulizwa kwa nini halilimi wala hampi mwingine alilime. Ndugu wa kiume hulisema akidaiwa fungu la dada zake. Msimamizi wa wakfu hulisema pia, ingawa kwa kunong'ona, anapokiuza kiwanja alichowekewa amana. Na msemaji akiwa Mwislamu, aghalabu hulitia neno hili kiungo cha dini: ati hapana sheria iliyoiheshimu milki ya mtu kama sheria ya Kiislamu, basi asiulizwe na yeyote.

Nakusudia kulipinga neno hilo. Sitalipinga kwa mafundisho ya Karl Marx wala kwa sheria za Bunge la Uingereza, maana hayo yana vitabu vyake na mawakili wake. Nitalipinga kwa sheria ile ile ambayo wasemaji wake hujificha nyuma yake.

Kwanza tuwape haki yao. Ni kweli kwamba Uislamu waikubali milki ya mtu mmoja mmoja, tena wailinda kwa nguvu. Mtume Muhammad, katika hotuba yake ya kuaga mwaka wa 10 wa Hijria, ambao ni mwaka 632, aliiweka mali ya mtu pamoja na damu yake, akaharamisha zote mbili zisiguswe pasipo haki. Aya ya 29 ya sura ya An-Nisaa yakataza watu kuliana mali kwa batili, na yaruhusu biashara ya watu walioridhiana. Mwenye kunyang'anya ardhi, japo ni shubiri moja, ameonywa katika hadithi mashuhuri kwamba atavikwa shingoni ardhi saba. Mwanamke aliyeolewa alikuwa na mali yake mbali na ya mumewe, akauza na kununua kwa jina lake, karne nyingi kabla ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuwapa wake wa huko haki ya namna hiyo. Mtu akisema kwamba katika Uislamu vitu vyote ni shirika, huyo hajasoma.

Kwa hiyo hatubishani kama milki ipo. Twabishana juu ya jambo jingine: mtu akiisha kumiliki, amepata nini hasa? Amepata ufalme, au amepata kazi?

Aya ya 7 ya sura ya Al-Hadid yawaamrisha waumini watoe katika mali ambayo Mwenyezi Mungu amewafanya kuwa makhalifa juu yake, yaani watu walioachiwa waisimamie. Watu wa Pwani wamjua nahodha wa chombo cha tajiri. Nahodha ni mkubwa chomboni; huamuru mabaharia, huchagua siku ya kutweka, hula fungu lake la nauli, na baharia akimwingilia katika kazi yake hukemewa. Walakini nahodha huyo akitoboa ubao wa chombo kwa sababu ameudhika, au akikiacha kioze mchangani, hawezi kusema kwamba chombo ni chake. Kila mwenye mali katika Uislamu ni nahodha wa namna hiyo, na mwenye chombo ni Mola wake.

Najua kwamba maneno haya husikika kila Ijumaa, na kwamba wenye mali huitikia "amina" kisha hurudi nyumbani vile vile. Amana isiyo na hukumu haimnyimi mtu usingizi. Basi tuyaache mawaidha, tuzitazame hukumu.

Mtende wa Samura wafaa kutangulia. Samura bin Jundub alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu mmoja wa Ansari, huko Madina, na mwenye bustani alikaa humo pamoja na watu wake. Vijana wa Pwani hawatastaajabu kusikia mti wa huyu umo katika ardhi ya yule. Kwao mnazi huweza kuwa wa mtu mmoja na udongo ukawa wa mwingine, na mjini Mombasa imo mitaa ambayo wenyeji wake humiliki "nyumba bila ardhi", wakalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Samura alikuwa akiingia bustanini kila apendapo kuuangalia mti wake, na mwenye bustani akataabika. Akamwomba amuuzie mtende, akakataa. Akamwomba wabadilishane kwa mwingine, akakataa. Shauri likafika kwa Mtume. Naye akamtaka Samura auze, akakataa, abadilishe, akakataa, autoe kuwa zawadi naye apate thawabu kubwa, akakataa. Hapo Mtume akamwambia kwamba yeye ni mtu wa kudhuru wenziwe, akamwamuru yule Mwansari aende akaung'oe mtende.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Hapana aliyesema kwamba mti si wa Samura. Hakuiba wala hakughushi hati. Milki yake ilikuwa safi. Alipewa njia tatu za kutoka na mali yake au thamani yake. Kilichomwangusha ni kuitumia haki iliyo safi ili kumuudhi jirani, na kukataa kila suluhu. Habari hii imo katika mkusanyo wa Abu Dawud, na wako wanachuoni waliosema kwamba mnyororo wa wapokezi wake una udhaifu. Lakini kanuni inayotoka humo, kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara kwa madhara, imekubaliwa na madhehebu yote, na dola ya Uturuki ilipoandika sheria zake za madai katika kitabu cha Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, iliiweka kuwa kifungu cha 19, mbele kabisa, kabla ya sura za kuuza na kununua.

Habari ya pili imo katika Muwatta ya Imam Malik. Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika shamba la Muhammad bin Maslama. Mfereji usingemdhuru mwenye shamba. Bali ungemfaa, maana angenywesha mimea yake wa kwanza na wa mwisho. Muhammad bin Maslama akakataa, na sababu yake ilikuwa moja tu, kwamba shamba ni lake. Umar bin Khattab, aliyekuwa khalifa, akaapa kwamba mfereji utapita hata ikibidi kupita juu ya tumbo lake. Ukapita.

Msemaji wetu wa "nitakavyo" angekuwapo siku hiyo angelia kwamba milki imevunjwa. Lakini shamba lilibaki kuwa la Muhammad bin Maslama, na mazao yake, na haki ya kuliuza au kulirithisha. Kitu kimoja tu kilichoondoka ni ile furaha ya kumnyima mwenziwe kitu ambacho kumpa hakumpunguzii yeye chochote. Sheria haikuiona furaha hiyo kuwa sehemu ya milki.

Kisha viko vitu ambavyo haviingii katika milki ya mtu hata kidogo. Mtume alisema kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanachuoni walieleza kwamba makusudio ni vile ambavyo havikutengenezwa kwa kazi ya mtu na ambavyo wote huvihitaji; maji uliyoyateka mtungini ni yako, lakini mto si wako. Abyadh bin Hammal aliomba apewe machimbo ya chumvi ya Maarib, nchini Yemen, akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, huchotwa bila kuchimbua. Mtume akakirudisha kipawa kile. Wala Abyadh hakuwa na kosa lolote. Kosa lingekuwa kumfanya mtu mmoja mlinzi wa mlango wa neema ambayo wote waliingia bila ya kubisha hodi.

Na sasa tembea kando ya bahari yetu, popote ambapo viwanja vya ufuoni vimepanda bei, uhesabu njia za wavuvi zilizozibwa kwa kuta. Babu wa mvuvi alipita hapo na mshipi wake begani. Mjukuu huambiwa azunguke. Aliyejenga ukuta ana hati, na hati yake yaonyesha mipaka minne. Lakini hati haiwezi kumuuzia mtu njia ya kwendea baharini, kama vile zawadi ya Maarib haikuweza kumpa Abyadh chumvi ya watu wote.

Nafika sasa kwenye ardhi, na hapa ndipo penye moto. Sheria ya Kiislamu yasema kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, yaani ardhi isiyo na mwenyewe wala alama ya mkono wa mtu, huimiliki. Imam Abu Hanifa alitaka mhuishaji apate kwanza ruhusa ya mtawala. Imam Shafii na wanafunzi wakubwa wa Abu Hanifa mwenyewe hawakuitaka. Wote lakini walikubaliana juu ya msingi: kinachozaa milki katika ardhi ya namna hii ni kazi. Mtu achimbe kisima, apande, ajenge. Kuzungusha mawe tu na kusema "hapa ni pangu" humpa mtu nafasi ya kutangulia, wala hakumpi milki, na Umar aliiwekea nafasi hiyo mwisho wa miaka mitatu. Ikipita miaka mitatu naye hajafanya kitu, mwingine huingia akalima.

Umar hakuishia hapo. Mtume alikuwa amempa Bilal bin Harith wa kabila la Muzaina ardhi pana katika bonde la Al-Aqiq. (Huyu si Bilal mwadhini, majina yao yafanana.) Umar alipotawala alimwita akamwambia kwamba hakupewa ardhi ile ili awazuilie watu, bali alipewa ailime, basi ashike kiasi anachoweza kukilima, nacho kingine akirudishe. Bilal akajitetea kwa hoja nzito kuliko hati yoyote iliyopata kuandikwa na karani: Mtume mwenyewe ndiye aliyempa. Nayo hoja hiyo haikumfaa.

Nakiona kisa hiki kuwa kikubwa kuliko vyote, kwa sababu sote twaijua ardhi ya Pwani na taabu yake. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, uliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila aliyedai ardhi aliamriwa apeleke madai yake kwa mwandikishaji. Ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Aliyejua kusoma tangazo, aliyekaa karibu na ofisi, aliyekuwa na mashahidi wenye kilemba na jina, huyo aliondoka na karatasi. Mkulima wa Kimijikenda aliyepanda mikorosho na minazi bila ya karatasi aliendelea kupanda. Na wengi wa wajukuu wake waligundua kwamba wao ni maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Jambo hili halikumalizika kwa uhuru wa mwaka 1963. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, yataka ardhi ishikwe kwa namna ya usawa na yenye kuleta mazao, na bado yako mashamba ya Pwani ambayo wenye hati zake hawajulikani hata kwa sura na watu wanaokaa humo.

Simlaumu kila mwenye hati. Wako walionunua kwa jasho, na wako waliorithi mashamba ambayo babu zao waliyafyeka kweli. Nasema na yule ambaye hajapata kushika jembe hapo, ambaye baba yake wala hakushika, naye anapowaona watu wamelima huja na askari na aya. Kwa askari ana haki kwa sheria aliyoipata. Akasimame mbele ya sheria hiyo. Lakini akiuita Uislamu uje kumtolea ushahidi, Uislamu utamuuliza kabla ya yote: ardhi hii ilipokuwa msitu, nani aliihuisha? Maana hakika ya mambo ni kwamba karatasi yake ilitolewa na mwandikishaji wa Kiingereza kwa jina la mfalme wa Kiingereza. Hawezi kula kwa sheria ya Uingereza kisha akanawa kwa sheria ya Kiislamu.

Mpinzani mjuzi atanijibu kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, ardhi iliyokwisha kumilikiwa hairudi kuwa mfu kwa kuachwa tu; ni Imam Malik aliyesema kwamba yaweza kurudi. Asema kweli, wala si halali kuficha neno la wanachuoni kwa sababu linatusumbua. Lakini jibu lake lina sharti ndani yake. Hukumu ya Shafii humlinda aliyeimiliki ardhi kwa haki kisha akaiacha. Haimlindi ambaye jina lake liliandikwa kwanza na kazi ikafanywa na mwingine. Ndiyo kusema kwamba swali la nani aliihuisha linabaki pale pale, na mpinzani wetu amelizunguka bila ya kulijibu.

Hata katika ardhi iliyo njema kabisa, Umar alifanya jambo ambalo wenye mali wa leo wangeliita unyang'anyi. Majeshi ya Kiislamu yalipoiteka Iraki, askari walitaka mashamba ya Sawad, nchi nyeusi yenye rutuba kati ya Mto Furati na Mto Tigri, yagawanywe kati yao kama walivyogawana ngawira nyingine. Walikuwa na hoja, na walikuwa na panga. Abdulrahman bin Auf alikuwa upande wao. Ali, Uthman na Talha walikuwa upande wa Umar. Wakabishana siku kadhaa. Mwisho Umar akashika aya za sura ya Al-Hashr, zile ambazo mali hugawanywa ili isizunguke kati ya matajiri peke yao, na ambazo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari huwataja wale watakaokuja baadaye. Akauliza watakaokuja watapata nini ikiwa ardhi yote imekwisha kurithiwa. Mashamba yakaachwa mikononi mwa wakulima wake, wakawa wakilipa kodi iitwayo kharaji. Mwandishi mkubwa wa habari hii ni Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, katika kitabu alichomwandikia khalifa huyo juu ya kodi. Wala nisiipambe mno: ilikuwa nchi iliyotekwa kwa vita, na kodi ya mshindi ni kodi. Lakini hebu fikiri juu ya mtawala ambaye, katika saa ya ushindi, aliwahesabu watoto ambao hawajazaliwa kuwa wadai wa ardhi, akawanyima askari wake mwenyewe kwa ajili yao.

Zaka siihitaji sana katika hoja hii, maana kila mtu aijua: sehemu moja katika arobaini ya fedha na bidhaa zilizofikia kiwango na kutimiza mwaka, sehemu ya kumi ya mazao yaliyonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa yaliyomwagiliwa kwa gharama. Naitaja kwa ajili ya neno moja tu. Msemaji wetu huiita zaka sadaka yake, kana kwamba ni ukarimu. Kurani haikuiita ukarimu wa tajiri. Ilisema kwamba katika mali yao imo haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Anayelipa deni hapigiwi ngoma.

Tuje kwenye mauti, kwa sababu hapo ndipo "nitakavyo" hufika mwisho wake. Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka akadhani atakufa. Alikuwa na mali nyingi na mrithi wa karibu mmoja tu, binti. Akamwuliza Mtume kama aweza kuusia theluthi mbili za mali yake zitolewe sadaka, akaambiwa la. Nusu? La. Theluthi? Theluthi, na theluthi ni nyingi. Tazama kwamba Saad hakutaka kuzitupa mali zake. Alitaka kuzitoa kwa maskini, na hata hivyo alizuiwa. Theluthi mbili zilizobaki si zake tena, ni za warithi, na mafungu yao yameandikwa katika sura ya An-Nisaa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya: mke hupata thumni mume akiacha watoto, mama hupata sudusi, binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume.

Na hapa pana aibu yetu. Aya ya 7 ya sura hiyo yawapa wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Lakini nenda katika miji yetu uone jinsi fungu hilo linavyopotea. Ndugu husema dada ameolewa, ana mume wa kumlisha. Husema nyumba ya baba haiwezi kuuzwa, ni jina la ukoo. Basi yeye hukaa humo na kupokea kodi ya vyumba, na dada hupelekewa kanga siku ya Idi. Husema dada mwenyewe amesamehe, naye alisamehe mbele ya wajomba wanne waliomkazia macho. Watu hao ndio wanaosema kwa sauti kubwa kwamba sheria ya mirathi isiguswe. Uko mjadala mrefu siku hizi juu ya nusu hii, kama yatosha au haitoshi. Nami sioni haya kuwaambia wanaoitetea kwamba kwanza wailipe. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, nazo mirathi ni mojawapo ya kazi zake. Msichana anayesoma ukurasa huu na ajue kwamba kwenda huko kudai fungu lake si utovu wa adabu kwa kaka yake. Ni kaka aliyetangulia kumkosea adabu Mola wake.

Wakfu ni mlango wa mwisho, na ni mlango wa ajabu, maana mtu huingia na mali yake akatoka bila ya kuwa na mali, naye hajamuuzia mtu. Umar alipata ardhi huko Khaibar aliyoipenda kuliko mali yake yote. Akashauriwa na Mtume azuie asili yake na atoe matunda yake: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mazao yaende kwa maskini, jamaa na wasafiri. Misikiti mingi ya Pwani, visima vyake na maziara yake yamesimama juu ya kanuni hiyo. Mahakama za Kiingereza zilitatizwa nayo. Mwaka 1894 majaji wa London, katika shauri lililotoka India, waliutangua wakfu uliowekwa kwa faida ya ukoo, kwa kuwa maskini walikuwa mbali mno katika orodha. India ikarekebisha kwa sheria ya mwaka 1913, na Kenya ikaja kuukubali wakfu wa ukoo kwa sheria ya mwaka 1951. Sheria hiyo nayo imeondoka, na mahali pake pana Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Lakini wakfu haukuwahi kuliwa na majaji wa London kama ulivyoliwa na wenyewe. Msimamizi asiyetoa hesabu, anayempangisha shemeji yake duka la msikiti kwa kodi ya zamani, huyo hana hata ile hoja mbovu ya "mali ni yangu". Mwenyewe aliifunga kwa makusudi ili isiwe ya mtu.

Kwa upande wa pili wako wanaoyasikia haya yote wakafurahi kupita kiasi. Husema basi Uislamu ni ujamaa uliovaa kanzu. Mwaka 1959 Mustafa al-Sibai wa Syria aliandika kitabu kizima kuuita ujamaa wa Kiislamu, na wengi wamemfanya Abu Dharr, sahaba aliyewakemea matajiri wa Sham akafa katika upweke huko Rabadha, kuwa babu wa chama chao. Nampenda Abu Dharr. Lakini masahaba wengi hawakuafikiana naye kwamba kila kizidicho haja ni haramu, na mafungu ya mirathi yangekuwa mzaha kama hapana mtu wa kuacha kitu. Karibu zaidi na haki alikuwa Muhammad Baqir al-Sadr wa Najaf, katika kitabu chake Iqtisaduna cha mwaka 1961, aliposema kwamba Uislamu wajua milki za namna nyingi kwa wakati mmoja, ya mtu, ya umma na ya dola, na kwamba hapana moja iliyo asili na nyingine kuwa dharura.

Limebaki pingamizi moja, na hili nalihofu kuliko yote kwa sababu ni la kweli. Mtu ataniambia: umemtaja Umar, lakini sisi hatutawaliwi na Umar. Tukisema kwamba milki ina mipaka, nani ataishika kamba ya kupimia? Si ndio wale wale waliochukua viwanja vya shule na vya hospitali kwa jina la umma, wakaviandika majina ya wake zao?

Ndivyo. Nchi hii imeona ardhi nyingi ikichukuliwa kwa maneno mazuri, na mwenye hofu hiyo hakosi. Lakini atazame hofu yake yatoka wapi. Aliyejiandikia kiwanja cha shule naye alisema kwamba sasa ni chake na afanye atakavyo. Ni mwanafunzi wa fundisho lile lile. Kifungu cha 40 cha Katiba kimesema kwamba ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na mtu anayeona kwamba hati ni mwisho wa maneno hana njia ya kukitumia kifungu hicho dhidi ya mwizi mwenye hati. Mwenye kuuliza mali ilipatikanaje na inatumiwaje anayo.

Na Al-Aqiq haikuandikwa jina la mtoto wa Umar. Bilal bin Harith aliachiwa kadiri ya alichoweza kukilima, na ardhi iliyobaki ikagawanywa kwa Waislamu.